Meza inayoning'inia haisawazishwi kwa nguvu

Karibu na mji wa Pisa, katika inchi ya Italia, pahali panapoitwa Cascina, kuna mashine yenye mikono miwili, kila mkono na urefu wa kilometa 3. Inaitwa Virgo. Kazi yake ni kusikiliza mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko midogo sana ya anga yenyewe, inayotoka kwa nyota zilizogongana mbali kabisa. Ndani ya mashine hiyo kuna meza za metali zinazoning'inia kama taa ya dari, kila moja na uzito wa kilo mia tatu hivi. Juu yake kumefungwa vioo, lensi na vipima-mwanga. Kabla mashine haijasikia kitu chochote, fundi anapaswa kumaliza kazi moja ambayo mama muuzaji wa mchele sokoni anaijua vizuri: kusawazisha mizani.

Kazi hiyo inaonekana kuwa mbali sana na maisha ya Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira. Lakini wakaaji wa mashariki ya Congo wana sababu mbili za kuifuata kwa karibu. Ya kwanza inachimbwa katika milima ya Masisi. Ya pili inachemka ndani ya Nyiragongo. Na zote mbili zinaleta ulizo moja: juu ya nini inchi yenye udongo unaotetemeka, na yenye mawe yanayohitajiwa katika vyombo vya kupima, inawafundisha vijana wachache namna hii kazi yenyewe ya kupima?

Juu ya nini meza itundikwe?

Mtu atauliza: kutundika meza ya kilo mia tatu kuna faida gani? Si ingekuwa vizuri kuifunga juu ya beto nene, isitikisike hata kidogo?

Jibu ni kwamba udongo hautulii kamwe, hata pahali ambapo hakuna volkano. Mawimbi ya bahari yanapiga pwani na kutikisa inchi kavu mpaka ndani sana. Lori linapita. Upepo unasukuma miti na kuta. Marekani kuna mashine mbili za namna hiyo, zinaitwa LIGO, moja huko Hanford katika jimbo la Washington, nyingine huko Livingston katika jimbo la Louisiana, kila moja na mikono ya kilometa 4. Kule Livingston, treni zinazopita na watu wanaokata miti msituni husumbua vipimo. Kule Hanford, mwaka 2017, watafiti walitafuta chanzo cha kelele fulani mpaka wakakuta alama za midomo ya ndege kwenye bomba: kunguru wenye kiu walikuwa wakidonoa barafu iliyoganda juu yake. Beto haizuii mambo kama hayo. Beto inayapokea na kuyapeleka moja kwa moja kwenye meza.

Kitu kinachoning'inia kinafanya tofauti, na mtoto yeyote anaweza kuhakikisha. Afunge jiwe kwenye kamba ya meta moja, ashike kamba kwa juu. Akisogeza mkono polepole, jiwe linafuata. Akitikisa mkono mbiombio, kwenda na kurudi, jiwe linabaki karibu pale pale. Kamba imekataa kupeleka mtikisiko wa haraka.

Hesabu yake si ngumu. Jiwe kwenye kamba ya meta moja linakwenda na kurudi kwa muda wa sekunde 2 hivi. Mtikisiko wenye kasi mara 20 kuliko huo, yaani mara 10 kwa sekunde moja, unafika kwenye jiwe ukiwa umepunguzwa karibu mara 400, kwa sababu 20 mara 20 ni 400. Jiwe la pili likitundikwa chini ya la kwanza, hesabu inakaribia 400 mara 400, ni kusema mara 160 000. Ndiyo sababu vioo vikubwa vya LIGO, kila kimoja na kilo 40, vinatundikwa kwa ngazi nne, moja chini ya nyingine, na ngazi ya mwisho inashikwa na nyuzi nne za kioo safi zenye unene wa milimeta 0,4 tu.

Lakini kutundika vioo vikubwa peke yake hakutoshi. Mwanga wa leza hautii amri zote. Sehemu yake ndogo hutawanyika, hugonga lensi ao kishikio cha lensi, kisha hurudi kwenye njia kuu. Kama kishikio hicho kinatetemeka pamoja na sakafu, mwanga uliorudi unabeba habari ya sakafu, na mashine inaanza kusikia lori ikidhani inasikia nyota. Ndipo wajenzi wa Virgo, walipoifanya kuwa na uwezo mkubwa zaidi, waliamua kwamba hata meza zinazobeba lensi na vipima-mwanga zitundikwe, tena ndani ya vyumba vilivyotolewa hewa, sauti isifike. Mitambo ya kutundika baadhi ya meza hizo ilitengenezwa na watafiti wa Nikhef, taasisi ya fizikia iliyo mjini Amsterdam.

Kila kitu juu ya meza kinasema neno lake

Hapo ndipo kazi ngumu inaanza. Meza iliyofungwa kwenye beto haijali kama vitu vizito vimewekwa upande mmoja. Meza inayoning'inia inajali. Kila lensi, kila visi, kila waya wa umeme unasema neno lake.

Mwenye chukudu wa Goma anaelewa jambo hilo kuliko wanafunzi wengi. Kabla ya kushuka mteremko na magunia ya makala, anazunguka mzigo, anasukuma gunia moja, anavuta lingine, anafunga kamba upya. Gunia lililokaa vibaya kwa upana wa kiganja linaweza kumwangusha yeye na mali yake. Fundi wa meza ya Cascina ana shida hiyo hiyo, isipokuwa yeye hapimi kwa viganja.

Chukua mfano wa meza ya kilo 300. Tuseme kitovu cha uzito wake kiko sentimeta 1 tu chini ya pale inapotundikwa. Fundi anaongeza lensi na kishikio chake, vyote pamoja gramu 100, kwa umbali wa sentimeta 40 kutoka katikati. Gramu 100 kwenye kilo 300 ni kitu kidogo sana, kama kilo moja kwenye lori la tani tatu. Hata hivyo meza itainama karibu milimeta 13 kwa kila meta moja ya urefu. Kwa macho mtu ataona. Kwa leza, ni msiba.

Sasa fundi anarudisha usawa kwa kuweka uzito mwingine upande wa pili. Katika mfano huo huo, akisogeza uzito wa gramu 50 kwa milimeta moja tu, meza inageuka kwa sehemu 17 hivi za milioni moja ya meta kwa kila meta. Inaonekana kuwa si kitu. Lakini mwanga unaotoka kwenye meza hiyo, ukisafiri kilometa 3, utakosea njia kwa sentimeta 5. Milimeta moja ya uzito mdogo, sentimeta tano huko mwisho: hiyo ndiyo bei ya kutojali.

Mtu mwerevu atasema: basi kitovu cha uzito kishushwe zaidi, kiwe sentimeta 10 chini badala ya 1, meza itatulia. Ni kweli, gramu zile 100 zitaiinamisha mara kumi kidogo. Lakini meza hiyo sasa inashika msimamo wake kwa nguvu zaidi. Inarudi mbio zaidi ikisukumwa, na hivyo inapokea mitikisiko ya haraka zaidi kutoka juu. Kadiri meza ilivyo laini, ndivyo inavyokataa kelele za udongo, na ndivyo ilivyo ngumu kuisawazisha. Kadiri ilivyo ngumu, ndivyo inavyosawazika upesi, na ndivyo inavyoleta kelele. Mjenzi hawezi kupata vyote viwili bure. Anayetaka kusikia kitu kidogo analipa kwa kazi ya kusawazisha.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Kwanza kila kitu kinapimwa uzito na kuandikwa: hiki gramu ngapi, kitakaa wapi. Hesabu inafanywa kwenye karatasi ao kwenye kompyuta kabla mtu hajagusa visi. Kisha vitu vinafungwa, uzito wa kusawazisha unawekwa pahali hesabu iliposema, na vizuizi vinavyoshika meza vinafunguliwa polepole. Meza inaachiliwa, watu wanaangalia inaelekea wapi. Inafungwa tena, uzito unasogezwa, inaachiliwa tena. Anayekimbia anaanza upya.

Waya za umeme zina hila yao. Waya mgumu uliovutwa kutoka ukutani mpaka kwenye meza ni kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake: unainamisha meza, na zaidi ya hapo unapeleka mtikisiko wa ukuta moja kwa moja. Kutundika mita zote za kamba na resori halafu kusahau waya mmoja ni sawa na kufunga mlango kwa kufuli na kuacha dirisha wazi. Kwa sababu hiyo waya hulegezwa, huning'inizwa kwa mikunjo laini, kisha meza husawazishwa pamoja nazo.

Halafu kuna hewa. Watu husahau kwamba hewa inabeba vitu kidogo, kama vile maji ya ziwa Kivu yanavyobeba mtumbwi. Meta moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1,2 hivi. Meza ya aluminiamu ya kilo 300 inachukua nafasi ya karibu sehemu moja ya tisa ya meta ya ujazo. Hewa ikiondolewa, meza hiyo inakuwa kama imeongezewa gramu 130. Ikiwa inashikwa na resori laini sana, inaweza kushuka milimeta moja nzima, na wakati huo chumba kimeshafungwa, hakuna mkono unaoweza kuingia. Joto nalo linabadilisha resori. Kwa hiyo fundi anasawazisha meza akiwa anafikiria hali ambayo bado haijafika, na kwa masahihisho ya mwisho anaacha uzito mdogo unaosogezwa na mota kutoka nje.

Nguvu si jibu

Kuna njia ya mkato. Kwenye meza hizo kuna sumaku na koili za umeme zinazoweza kuisukuma ao kuivuta ikae sawa. Mtu mvivu anaweza kusema: juu ya nini kuhangaika na gramu? Umeme uongezwe, meza itanyooka.

Itanyooka kweli. Lakini umeme wenyewe hautulii, una mitetemo yake midogo. Koili inayosukuma kwa nguvu nyingi inaandika mitetemo hiyo juu ya meza. Meza itaonekana imesimama sawa, na huku inapiga kelele. Mafundi wazuri wanatumia umeme kwa kazi ndogo tu ya kutuliza, baada ya uzito wenyewe kukaa pahali pake. Kosa la uzito linatengenezwa kwa uzito.

Hilo ndilo jambo ambalo habari za sayansi hazisemi mara nyingi. Zinasimulia mamilioni ya dolari, zinasimulia zawadi ya Nobel ya mwaka 2017 waliyopewa Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne, na msomaji anabaki akidhani kwamba mashine hizo ni mambo ya pesa na ya vichwa vya ajabu peke yake. Pesa zilihitajika, hakuna anayekataa. Lakini pesa hainunui meza iliyosawazishwa. Inanunua meza. Kusawazisha ni kazi ya mtu aliyefundishwa kuandika kila gramu, kungoja meza itulie, na kukubali kwamba jana alikosea.

Na faida ilionekana. Tarehe 14 mwezi wa tisa 2015, mashine mbili za LIGO zilisikia mashimo meusi mawili yakigongana, moja zito mara 36 hivi kuliko jua, lingine mara 29. Urefu wa mikono ya kilometa 4 ulibadilika kwa kiasi kidogo mara mia kadhaa kuliko upana wa protoni moja. Tarehe 17 mwezi wa nane 2017, LIGO na Virgo kwa pamoja zilifuata nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa miaka ya mwanga milioni 130 hivi. Kwa kulinganisha mashine tatu, watafiti waliweza kuonyesha ni upande gani wa mbingu, na darubini za inchi nyingi zikageuzwa huko. Mwanga ulioonekana ulithibitisha kwamba migongano ya namna hiyo hutengeneza metali nzito, dhahabu ikiwemo. Mchimbaji wa Kamituga ao wa Mongbwalu anapoosha mchanga na kuona chembe ya manjano, anashika kitu ambacho sehemu ya historia yake ilisomwa kwa msaada wa meza zilizosawazishwa gramu kwa gramu.

Tantali iko juu ya kioo

Sababu ya kwanza ya mashariki ya Congo kufuata habari hii ni tantali, metali inayotolewa katika koltani.

Vioo vikubwa vya LIGO na vya Virgo havirudishi mwanga kwa sababu ya fedha ao aluminiamu kama kioo cha nyumbani. Vimepakwa tabaka nyingi nyembamba, moja juu ya nyingine: tabaka la silika, tabaka la oksidi ya tantali iliyochanganywa na titani, kisha silika tena. Kazi hiyo ya kupaka ilifanywa Ufaransa, katika labo moja ya Villeurbanne, karibu na Lyon. Zaidi ya hayo, mtetemo mdogo wa joto ndani ya tabaka hizo za tantali ni moja ya mambo yanayozuia mashine kusikia mbali zaidi, na watafiti wa mabara kadhaa wanatafuta namna ya kuzifanya bora.

Hakuna haja ya kudai kwamba tantali ya vioo hivyo ilitoka Rubaya. Yatosha kusema kwamba ni metali ile ile. Kijana wa Masisi anayebeba gunia la koltani mgongoni anaisikia ikitajwa na wafanyabiashara, na pengine ameambiwa kwamba inaingia ndani ya simu. Ni wachache walioambiwa kwamba ni kitu kinachofundishwa kwenye vyuo vikuu, kwamba kuna watu wanaoamka kila asubuhi kuchunguza namna tabaka lake linavyotetemeka. Kwake yeye koltani ni kilo na bei. Kwa mwenzake wa Lyon ni somo. Tofauti kati ya wawili hao haiko katika akili. Iko katika shule.

Mlima hautoi muda mrefu

Sababu ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa inagusa uhai. Chombo cha kupima matetemeko ya udongo ni ndugu wa meza ya Cascina. Ndani yake kuna uzito ulioshikwa kwa resori ao kutundikwa: udongo unatikisika, uzito unachelewa kufuata, na tofauti kati yao ndiyo inayoandikwa. Kipimo cha mwinamo kinachowekwa kwenye ubavu wa volkano kinatafuta kitu kile kile anachotafuta fundi wa meza: udongo umeinama sehemu ngapi za milioni? Tofauti ni kwamba kule Italia kelele ya udongo inatupwa. Huku Kivu, kelele ya udongo ndiyo habari yenyewe.

Wakaaji wa Goma wanajua bei yake. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, ikalipuka mwezi wa kwanza 2002 na lava ikapita katikati ya mji, ikalipuka tena usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Mara hiyo ya mwisho watu zaidi ya 30 walikufa, na siku chache baadaye mamia ya maelfu walikimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya mpaka, huko Rwanda, kwa sababu matetemeko yaliendelea chini ya mji. Uchunguzi uliotolewa mwaka uliofuata ulionyesha kwamba ishara za wazi za mlipuko zilionekana kwenye vipimo chini ya saa moja kabla lava haijatoka. Bukavu nayo haijasahau tetemeko la tarehe 3 mwezi wa pili 2008.

Kuna watu wanaofanya kazi hiyo ya kusikiliza. Goma kuna kituo cha kuchunguza volkano. Lwiro, katika Kivu ya Kusini, kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa wakati wa ukoloni, ambacho kimepima matetemeko kwa miaka mingi. Wakongomani wanaofanya kazi humo wanastahili heshima. Lakini mlima ambao unaweza kutoa onyo la dakika tu hauhitaji wapimaji wachache wanaongoja misaada. Unahitaji kizazi kizima kinachojua kutunza chombo, kukiweka sawa, kutambua kelele ya lori na kelele ya lava, na kukitengeneza siku ile ile kinapoharibika, bila kungoja fundi apande ndege kutoka Ulaya.

Ubao, kamba na chupa za maji

Wapo watakaosema: watu wamekimbia vita, wanalala kwenye mahema, na bado mtu anaandika juu ya meza zinazoning'inia? Neno hilo ni zito na halipaswi kudharauliwa. Mwenye njaa anahitaji chakula kwanza, na mtoto aliyekimbia anahitaji amani kuliko fizikia. Lakini hata katikati ya vita, watoto wanaendelea kwenda shuleni, wazazi wanaendelea kulipa kwa shida, na kila mwaka maelfu wanafanya Egzame ya Serikali. Ulizo si kama wasome ao wasisome fizikia. Tayari wanaisoma. Ulizo ni wanaisoma namna gani.

Katika shule nyingi wanaisoma ubaoni. Mwanafunzi wa sayansi anaandika fomula ya kitovu cha uzito, anaikariri, anapata alama zake, na hajawahi hata mara moja kuona gramu 100 zikiinamisha kitu. Labo ni chumba kilichofungwa kwa kufuli, kama kipo. Kisha anafika chuo kikuu akiogopa visi.

Hilo linaweza kubadilishwa bila kungoja mkopo wa kimataifa. Ubao wa meta moja, kamba, msumari kwenye boriti ya dari, chupa ndogo za maji zilizopimwa kwenye mizani ya sokoni, na leza ndogo ya tochi inayouzwa barabarani vinatosha kuanza. Ubao unatundikwa, leza inafungwa juu yake, nukta yake nyekundu inatupwa ukutani umbali wa meta 10, ikielekezwa mbali na macho ya watu. Mwanafunzi anasogeza chupa kwa sentimeta moja na kuona nukta ikishuka ukutani. Anaambiwa afanye hesabu kwanza, aandike nukta itashuka kiasi gani, kisha ajaribu. Mara ya kwanza atakosea. Atagundua kwamba upepo wa dirishani unamsumbua, kwamba mwenzake akitembea sakafu inatikisika, kwamba waya wa leza unavuta. Kwa saa mbili atakuwa amekutana na shida zote za fundi wa Cascina.

Wakuu wa elimu katika provensi wanaweza kuomba jaribio moja kama hilo kila muhula na kulipa alama, kama wanavyolipa alama kwa kukariri. Vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia vinaweza kupeleka wanafunzi wao kwenye shule za sekondari kulisimamia. Makampuni yanayonunua madini, ambayo kila siku yanahubiri maendeleo ya wakaaji, yanaweza kununua mizani na vitabu. Na wazazi wanaweza kuacha kudhani kwamba mtoto anayecheza na kamba na mawe anapoteza wakati.

Haitamtoa kila mtoto Rubaya na kumpeleka Pisa, na si lazima. Lakini siku moja usiku, Nyiragongo itaanza tena kusogeza udongo kwa sehemu chache za milioni. Wakati huo hakuna nguvu yoyote itakayouzuia mlima. Kitakachosaidia ni uzito mdogo uliotundikwa vizuri pahali fulani kwenye ubavu wake, waya uliolegezwa sawasawa, na mtu wa Kivu aliye macho, anayejua kwamba alama iliyosogea kwenye kipimo si kunguru wala si lori.